Kununua Gari si Kazi, Kazi ni Kulilea

Jumamosi asubuhi barabara za Muthurwa, jijini Nairobi, huziba. Matatu za Eastlands, mikokoteni ya viazi kutoka soko la Marikiti na wachuuzi hugombea njia moja. Katikati ya msongamano huo hakukosi gari dogo la familia lililofunguliwa boneti, mvuke ukipanda, mama na watoto kando na mifuko ya sukuma wiki, baba na chupa ya maji mkononi. Wapitao husema amenunua gari bovu. Mara nyingi gari hilo halikuja nchini likiwa bovu.

Probox, Fielder, Vitz, Demio, Note: magari haya mengi yametoka Japani. Huko gari jipya hukaguliwa baada ya miaka 3, kisha kila miaka 2, na gharama za ukaguzi huo huwafanya wengi wauze magari ambayo bado yana nguvu. Kenya nayo, kupitia kiwango cha KS 1515 cha Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa (KEBS), huzuia gari lililozidi miaka 8 tangu liliposajiliwa mara ya kwanza. Ni kanuni nzuri, ila hesabu yake inakoma bandarini Mombasa. Likishapata nambari ya Kenya, gari hupita mkono hadi mkono mpaka limfikie mzazi wa Makongeni au Umoja aliyekopa kwenye sacco. Kufikia hapo lina miaka 15 au zaidi, na hakuna anayejua lilibadilishwa oili lini.

Kinachoyamaliza magari haya zaidi ni joto. Rejeta ikivuja, huongezwa maji ya mfereji badala ya kulanti. Maji hayo huleta kutu, na pampu huharibika. Injini ikichemka, themostati hung'olewa na mwenye gari huambiwa na fundi kwamba tatizo limekwisha. Halijaisha. Kazi ya themostati ni kuifikisha injini kwenye joto linalofaa na kulidumisha. Bila hiyo injini hukawia kupata moto, hula petroli zaidi, na chanzo cha kuchemka bado kipo. Foleni ya Jogoo Road, mahali gari halipati upepo, ndipo ukweli hujitokeza: gasketi ya hedi huungua, hedi hupinda, na kazi ambayo ingemalizwa kwa paipu moja ya mpira sasa inataka injini ifunguliwe.

Giaboksi za CVT nazo zinataka oili yao maalumu. Ukiimiminia oili ya gia nyingine kwa kuwa ni rahisi, unaiua. Simlaumu fundi peke yake. Sisi wateja ndio humsihi afanye ya leo tufike nyumbani, kisha haturudi.

Muthurwa, kuliko mitaa yote, ungetufundisha. Ulijengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa reli, watu waliojua kwamba injini ya mvuke huingizwa karakana kwa zamu, boila ioshwe na vyuma vikaguliwe, hata kama haijalalamika. Karibu na hapo, kwenye Makumbusho ya Reli, ipo injini ya mvuke 5918 Mount Gelai, iliyoundwa Manchester miaka ya 1950. Mashine kama ile haikungojwa izime njiani ndipo itazamwe.

Kwa hiyo, unayetafuta gari, usitoe pesa zako zote kwa muuzaji. Bakiza za oili, breki, matairi na mfumo wa kupoza injini. Hakikisha umiliki kwa mamlaka ya uchukuzi na usalama (NTSA) kupitia eCitizen. Nenda na fundi wako mwenyewe, asubuhi, injini ikiwa baridi. Ukikuta imeshawashwa, rudi siku nyingine, kwani injini iliyopashwa moto huficha moshi na ugumu wa kuwaka. Na wewe uliye nalo tayari, likichemka njiani zima injini, usifungue rejeta mpaka ipoe, kisha mwulize fundi kwa nini limechemka. Usilichukue mpaka akuonyeshe chanzo.