Siku ya Kugawana Jibini katika Milima ya Uswisi

Kila mwaka, theluji inapokwisha kuyeyuka, wafugaji wa Uswisi huwapandisha ng'ombe wao kwenye malisho ya juu ya milima ya Alps. Katika bonde la Justistal, karibu na ziwa la Thun, ng'ombe wa watu wengi hulishwa pamoja muda wote wa kiangazi. Maziwa huharibika upesi, basi hufanywa jibini papo hapo mlimani; na maziwa ya ng'ombe wa kila mtu hupimwa na kuandikwa.

Mwezi wa Septemba huja siku ya kugawana. Jibini kubwa za mviringo hutolewa ghalani na kupangwa mafungu. Kura hupigwa, ili mtu asijichagulie zilizo bora, na kila mmoja hupata kwa kadiri ya maziwa ya ng'ombe wake. Kisha ng'ombe huteremshwa wamevikwa maua na kengele, na wageni wengi hukusanyika kuwatazama.

Wageni hufurahia maua. Wenye ng'ombe hufurahia hesabu. Kwani daftari likiharibika, nani atamkabidhi mwenziwe ng'ombe wake mwaka ujao?