Nahodha Owen na Ukoo Wake: Kisa cha Mtu Aliyetweka Bendera Mombasa Mwaka 1824

Kila msafiri afikaye Mombasa husikia jina la Port Reitz, lakini ni wachache waulizao Reitz alikuwa nani. Alikuwa luteni kijana wa manowari za Kiingereza, John James Reitz, aliyewekwa Mombasa mwaka 1824 awe mtawala, naye hakudumu hata miezi minne. Aliyemweka ni Nahodha William Fitzwilliam Owen. Na habari za Owen haziwezi kueleweka vizuri bila ya kuzijua kwanza habari za baba yake.

Baba huyo, aliyeitwa pia William Owen, alizaliwa Wales mwaka 1737, akaingia baharini angali kijana. Katika vita baina ya Waingereza na Wafaransa huko Bara Hindi alikatika mkono wa kuume. Vita vilipokwisha alikuwa kilema asiye na kazi ya maana, akamfuata rafiki yake wa zamani, Lord William Campbell, aliyekuwa Gavana wa Nova Scotia katika nchi ambayo sasa ni Kanada. Mwaka 1767 alipewa kisiwa huko. Afisa mmoja hakuruhusiwa kupewa ardhi kubwa kiasi hicho peke yake, kwa hiyo hati iliandikwa kwa jina lake pamoja na majina ya wana watatu wa ndugu zake. Mwaka 1770 akahamia na watu wachache wa kulima, akakiita kisiwa Campobello kwa heshima ya Gavana aliyempa. Mwaka uliofuata alirudi Uingereza, akaenda tena Bara Hindi, na mwaka 1778 akafa huko Madras.

Aliacha wana wawili, Edward na William, aliozaa na mwanamke aliyekuwa mtunzaji wa nyumba yake, wala hakumwoa. Neno "Fitz" katika jina la mdogo lina maana ya "mwana wa". Yaani jina lenyewe lilimtangaza kuwa mwana wa William. Sheria ya Waingereza siku zile haikumpa urithi mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa. Hivyo kisiwa kikabaki mikononi mwa wale watoto wa ndugu, na mmoja wao, David Owen, alikaa huko miaka mingi mpaka alipokufa mwaka 1829. Mtoto William alikuwa na miaka 4 tu alipofiwa na baba, akalelewa katika nyumba za watu. Aliyewafaa ndugu hawa wawili ni Sir Thomas Rich, nahodha na rafiki wa marehemu. Ndiye aliyemwingiza William katika manowari yake mwaka 1788. Edward naye alipanda cheo mpaka akawa amiri mkubwa wa manowari.

William hakupanda upesi kama kaka yake. Alikuwa mtu mkali, asiyependa kuamriwa. Mwaka 1808 alitekwa na Wafaransa, akafungwa katika kisiwa cha Morisi karibu miaka miwili. Huko alikutana na mfungwa mwenziwe, Matthew Flinders, mpima bahari mashuhuri wa pwani za Australia. Baadaye Owen mwenyewe akawa mpima bahari, na mwaka 1821 akatumwa na manowari mbili, Leven na Barracouta, kuipima pwani ya Afrika.

Kazi hiyo yataka kuelezwa, maana si kazi ya kutazama kwa macho tu. Mashua zilishushwa karibu na pwani, mabaharia walitia bildi kila hatua ili kujua kina cha maji, na pembe za vilima na rasi zilipimwa kwa chombo, kisha yote yaliandikwa katika ramani. Ilibidi mashua hizo ziingie vinywani mwa mito, penye mikoko na mbu. Wakati ule hakuna aliyejua kwamba mbu ndiye aletaye homa. Zaidi ya nusu ya watu waliotoka Uingereza pamoja na Owen walikufa, na wengi wao waliuawa na homa. Ramani zao, zipatazo 300, ziliwaongoza manahodha kwa miaka mingi baadaye.

Owen alifika Mombasa Februari 1824 akaikuta bendera ya Kiingereza imekwisha kutwekwa juu ya Ngome. Wamazrui waliotawala mji, chini ya Sulaiman bin Ali, ndio walioishona na kuitweka, kwa kuwa waliogopa nguvu za Sayyid Said wa Omani. Owen aliuchukia mno utumwa, akaona hapa ndipo mahali pa kuuzuia. Akakubali kuulinda mji, kwa masharti kwamba biashara ya watumwa ikome na mapato ya forodha yagawanywe nusu kwa nusu. Lakini hakuwa na idhini ya Serikali yake. Reitz alikufa kwa homa Mei mwaka ule ule, na baada yake akawekwa Luteni Emery. Wakubwa wa London hawakutaka kumwudhi Sayyid Said, rafiki yao, wakaukataa mkataba, na mwaka 1826 bendera ikateremshwa. Wamazrui walibaki peke yao, na mwaka 1837 mji ukaangukia mikononi mwa Sayyid Said. Wakubwa wao wakakamatwa na kupelekwa uhamishoni. Ni haki kusema kwamba Owen aliahidi asichokuwa na uwezo wa kukitimiza, na waliolipa gharama si yeye wala Serikali yake.

Mwaka 1835, akiwa na miaka 60, alihamia Campobello pamoja na mkewe na binti zao wawili, akawa mwenye kisiwa: mtoto aliyenyimwa urithi akakalia ardhi ya baba yake. Alipata cheo cha amiri katika uzee wake, akafa mwaka 1857. Hakuwa na mtoto wa kiume. Binti yake Cornelia aliolewa na afisa wa manowari aitwaye Robinson, naye akaliongeza jina la Owen katika jina lake ili lisipotee kisiwani. Mwaka 1881, baada ya mumewe kufariki, ukoo ulikiuza kisiwa kwa matajiri wa Marekani. Miongoni mwa waliojenga nyumba huko baadaye ni wazazi wa Franklin Roosevelt, aliyepata kuwa Rais wa Marekani.

Na Mombasa, jina la Owen halitajwi sana. La Reitz ndilo lililobaki katika maji aliyoyapima mkubwa wake.