Muvi mbili za wiki hii, na bando lisiishie njiani

Jumamosi nilikuwa na mama tunaangalia Supa Modo, ya Kenya (2018): mtoto wa miaka 9, mgonjwa sana, kijiji kizima kinamtengenezea muvi yake awe shujaa. Patamu kabisa, bando likaisha! Mama akalala hajui mwisho. Iliniuma.

Kosa langu ni picha. Netflix wenyewe wanasema ubora wa chini unakula kama GB 0.3 kwa saa, HD mpaka GB 3. Mara kumi! Punguza kabla hujaanza.

Leo namalizia na mama. Kesho Vuta N'kuvute (2021) ya Amil Shivji: mapenzi na harakati za uhuru Zanzibar, toka riwaya ya Adam Shafi. Nyie mna ipi?