Kabla Hujampa Kijana Ufunguo wa Gari, Ijue Bima Yako

Mtihani wa kidato cha nne ukimalizika, vijana wetu wengi huwa na ombi moja: kufundishwa gari. Wazazi kadhaa hapa Mombasa wameniuliza swali lilo hilo: akigonga, bima italipa? Jibu linategemea leseni yake na aina ya bima uliyokata.

Tuanze na leseni. Sheria hairuhusu aliye chini ya miaka 18 kuendesha gari barabarani. Akitimiza umri huo, lazima kwanza apate leseni ya muda ya mwanafunzi kutoka NTSA, gari liwekwe vibao vya herufi L, na kando yake akae mwenye leseni kamili. Kumwachia usukani bila ya haya, hata kama ni mwendo wa kufika msikitini tu, ni kuvunja sheria na kuihatarisha bima yako.

Sasa bima yenyewe. Thadi pati, ambayo ndiyo ya lazima kisheria, ni ya mtu wa nje. Kijana akimgonga mwenye bodaboda pale Mtwapa, kampuni hulipa fidia ya majeraha au kifo, na sheria haiilazimishi kuvuka shilingi milioni 3 kwa mdai mmoja. Kinachozidi kinaweza kutoka mfukoni mwako. Gari lako halitengenezwi. Na kama kijana hakuwa na leseni, kampuni inaweza kumlipa majeruhi kisha ikakugeukia wewe uirudishie.

Bima kubwa, ile ya komprehensivu, hutengeneza na gari lako. Lakini soma kipengele cha dereva. Mara nyingi ajali ya dereva kijana, au aliyepata leseni juzi, humfanya mwenye gari achangie zaidi kabla ya kampuni kulipa chochote.

Kwangu yuko binti anayekaribia umri huo. Nimeazimia ajifunze kwa gari la shule ya udereva iliyosajiliwa. Kabla hajashika letu, nitamwandikia wakala wa bima anijibu kwa maandishi kama mwanafunzi amekingwa. Maneno ya simu hayatanisaidia siku ya kudai.

Ajali haina kinga, ni kweli. Lakini aliyegongwa naye ana watoto wanaomngojea nyumbani, na haki yake iko shingoni mwetu.