Fahamu: Ukihamia Marekani na watoto, nyumba ndiyo hupanga shule

Mzazi wa Kaniha, Biharamulo, anayejiandaa kuhamia Marekani leo ajue: shule za serikali huko hazitozi ada, lakini kwa kawaida mtoto hupangiwa shule kwa anwani ya nyumbani.

Kabla ya kusaini mkataba wa pango:

- Uliza ofisi ya elimu ya eneo hilo nyumba hiyo iko chini ya shule gani, na kama kuna basi la wanafunzi.
- Ulizia masomo ya Kiingereza kwa wageni. Ni haki ya mtoto kisheria.
- Beba cheti cha kuzaliwa na kadi ya kliniki yenye chanjo zote, vya kumwandikisha mtoto shule.

Kodi nafuu isikuvute kabla hujaijua shule.