Askari wa Marekani na Kodi ya Jimbo

Katika nchi ya Marekani kodi ya mapato huweza kutozwa mara mbili: na serikali kuu iliyoko Washington, na tena na jimbo analokaa mtu. Majimbo machache, kama vile Texas na Florida, hayatozi kodi hiyo. Raia akihama kwa hiari, kodi yake ya jimbo hubadilika pamoja naye. Lakini askari huhamishwa kwa amri, leo Virginia, baadaye California, na si haki kumhesabu kuwa mwenyeji wa kila mahali apelekwapo.

Kwa hiyo sheria ambayo asili yake ni ya mwaka 1940, nayo ikaandikwa upya mwaka 2003, yasema ya kuwa askari hapotezi ukaazi wake kwa sababu ya amri hiyo. Mtu wa Texas akiwekwa Virginia, Virginia haiwezi kuutoza kodi mshahara wake wa jeshi. Wako wenyeji wa Kenya waliohamia huko wakajiunga na jeshi hilo, nao jambo hili lawahusu.

Mke au mume wa askari alisahauliwa kwa miaka mingi. Muuguzi aliyemfuata mumewe alikatwa kodi na jimbo la ugenini, hali mumewe hakatwi, na chungu chao ni kimoja! Mwaka 2009 jambo hilo lilirekebishwa, ila kwa sharti kwamba wote wawili wawe na ukaazi wa jimbo moja. Mwaka 2018 mwenzi aliruhusiwa kuchagua jimbo la askari. Sheria iliyotiwa sahihi Januari 2023 yawapa wote wawili kuchagua kati ya jimbo la askari, jimbo la mwenzi, na jimbo la kituo cha kudumu cha askari. Kuchagua Texas kwa sababu haina kodi tu, pasipo uhusiano wo wote nayo, si ruhusa.

Haki hii haiji yenyewe. Mwenzi yampasa kumpa mwajiri fomu ya jimbo ya kusamehewa kodi. Asipofanya hivyo, mshahara utakatwa kama wa watu wengine. Aliyekwisha kukatwa hupeleka hesabu yake katika jimbo lile kama mtu asiye mkaazi, akadai fedha zake. Nakala ya amri ya uhamisho itunzwe vizuri.

Wengi hukosea hapa: msamaha wa askari ni wa mshahara wa jeshi tu. Akiendesha teksi jioni huko Virginia, mapato hayo hutozwa na Virginia. Na pango la nyumba hutozwa na jimbo nyumba ilipo, mwenyewe awe wapi.