Wageni Wamefika, Tucheze Nini?

Siku ya ubatizo, siku ya arusi, siku ya kufunga shule: watu huja kwetu kutoka mbali. Wakubwa huketi barazani, hunywa chai, huulizana habari za mashamba na za ndugu. Na watoto wa wageni je? Husimama nyuma ya mama zao, hushika kitenge, huwatazama watoto wa nyumbani wakipiga mpira. Hakuna awaitaye. Jioni hurudi kwao wakiwa wameshiba vizuri, lakini hawakucheza hata kidogo.

Jambo hili latupasa tulifikiri hapa Eringeti zaidi ya mahali pengine. Mji wetu uko kando ya barabara kubwa itokayo Beni na Oicha kwenda Komanda, karibu na mpaka wa Kivu ya Kaskazini na Ituri, nao wapitaji ni wengi. Tena tangu mwaka 2014 vita vimewakimbiza watu wa vijiji vingi vya pande hizi. Mwezi wa Novemba 2015 Eringeti yenyewe ilishambuliwa, watu wakafa. Wengine walihama, wengine walirudi, wengine walikuja kwetu wageni kabisa. Basi katika darasa moja twaweza kuona mtoto aliyezaliwa hapa, na jirani yake aliyefika juzi na godoro kichwani. Huyu wa pili hajui jina la mtu hata mmoja. Akiitwa kucheza siku ya kwanza, siku ya pili ana rafiki. Asipoitwa, aweza kukaa pembeni mwezi mzima. Na lugha je? Mmoja asema Kinande, mwingine Kilese, mwingine Kimbuba, na Kiswahili cha kila mmoja kina ladha yake. Lakini mchezo mzuri huonekana kwa macho. Hauhitaji maneno mengi.

Kwanza, makundi. Desturi mbaya ya uwanjani ni hii: wavulana wawili wenye nguvu husimama mbele, na kila mmoja humchagua amtakaye, mmoja mmoja. Wa mwisho hubaki peke yake katikati, macho ya wote yakimwangukia. Nani huwa wa mwisho? Karibu kila mara ni mgeni, kwa kuwa hakuna ajuaye nguvu zake. Mimi siipendi desturi hiyo hata kidogo. Fanyeni hivi: kama ninyi ni 20, tieni kikapuni maharage mekundu 10 na meupe 10. Funikeni kikapu kwa kitambaa. Kila mtoto aingize mkono, atoe punje moja. Wekundu huku, weupe kule, imekwisha. Msitumie mahindi na maharage pamoja, maana wajanja watapapasa ndani ya kikapu ili kuwafuata rafiki zao. Maharage ya ukubwa mmoja hayana siri ya kupapasa.

Sasa twende kwenye kuvuta kamba. Huu ndio mchezo mkubwa wa siku ya wageni, kwa sababu hata baba na mama huacha viti vyao wakauingia. Watu wa nchi nyingi wameucheza tangu zamani. Hata katika Michezo ya Olimpiki ulikuwamo, tangu mwaka 1900 hata 1920. Leo katika mashindano ya dunia huvuta watu 8 kila upande, nao hupimwa uzito kwanza ili wanene wasiwaonee wembamba.

Tafuteni kamba ndefu na nene, angalau unene wa kidole gumba cha mtu mzima. Katikati yake fungeni kitambaa chekundu. Chini chora mistari mitatu kwa majivu: mmoja katikati, na mwingine kila upande, hatua mbili kutoka ule wa katikati. Kundi litakalokivuta kitambaa hata kivuke mstari wao limeshinda.

Watoto wengi hudhani kwamba mikono ndiyo inayoshinda. Sivyo. Fikirini kidogo: mkiivuta kamba, nayo yawavuta ninyi, na kamba hiyo moja huwavuta wa huku na wa kule kwa nguvu karibu sawasawa. Basi tofauti iko wapi? Iko miguuni. Mwenye kuikanyaga ardhi kwa nguvu, asiteleze, ndiye abakiye mahali pake. Jaribuni wenyewe. Mwekeni mvulana mwenye misuli juu ya majani ya mgomba yaliyolowa, na msichana mdogo juu ya udongo mkavu, wavutane. Mtacheka. Kwa hiyo wavutaji hulala nyuma, hunyosha miguu mbele, huchimba visigino ardhini, nao huvuta wote kwa pamoja mmoja anapoita. Watu 8 wakivuta kila mmoja kwa wakati wake, ni kama watu wawili tu.

Lakini angalieni: mtu asiizungushe kamba mkononi wala kiunoni. Mwaka 1997, mjini Taipei katika kisiwa cha Taiwan, watu zaidi ya 1,600 walivuta kamba moja siku ya sikukuu. Kamba ikakatika. Wanaume wawili walipoteza kila mmoja mkono wa kushoto. Kamba huwekwa akiba ya nguvu ndani yake inapovutwa, na ikikatika hurudi kama mjeledi. Shikeni kwa viganja tu, ili mweze kuiachia mara moja. Kamba nyembamba ya nailoni ifungiayo mizigo ya pikipiki ikataeni kabisa. Hukata ngozi kama kisu.

Nisiache kuwapa habari ya jirani zetu wa msituni, Wambuti. Katika miaka ya 1950 Mwingereza mmoja, Colin Turnbull, alikaa nao karibu na mto Epulu, ng'ambo ya Mambasa, kisha akaandika aliyoyaona. Wambuti nao walivuta kamba: wanaume na wavulana upande mmoja, wanawake na wasichana upande wa pili, huku wakiimba kwa kupokezana. Wanaume walipoanza kushinda, mmoja wao aliwaacha wenzake, akaenda upande wa wanawake, akaitengeneza nguo yake ya gome la mti kama mwanamke, akavuta nao kwa sauti nyembamba ya kuchekesha. Sasa wanawake wakaanza kushinda. Ndipo mmoja wao akavuka kwenda kwa wanaume, akiigiza sauti nene. Wakavukana hivyo hivyo, mmoja baada ya mwingine, hata upande wa wanaume ukajaa wanawake, na upande wa wanawake ukajaa wanaume. Mwisho wote walianguka chini kwa kicheko. Nani alishinda? Hakuna aliyeuliza.

Jaribuni namna hiyo na wageni wenu. Kundi likianza kushinda, mmoja wao avuke. Dakika tano baadaye hamtajua tena nani ni mwenyeji na nani ni mgeni.

Watoto wa Kimbuti walikuwa na uwanja wao wa kuchezea karibu na kambi, waliouita bopi. Mchezo wao mmoja ulikuwa huu: walipanda wote mti mchanga mwembamba, wakafika kileleni, mti ukainama kwa uzito wao hata karibu na chini. Hapo waliruka wote kwa mara moja. Aliyesita, mti ulimrusha juu ulipojinyosha! Hivyo walijifunza kutenda pamoja. Mchezo huo nawasimulia tu, siwaagizi. Wambuti huijua miti yao tangu utoto, ipi hupinda na ipi huvunjika. Nanyi mkipanda parachichi la padri paroko, litavunjika.

Baada ya kamba, mbio za magunia. Hapa kwetu magunia si haba, maana kakao na kahawa husafirishwa ndani yake. Gunia la katani au la juti ndilo zuri; la nailoni huteleza. Lililowahi kutiwa dawa ya shambani msilitumie, hata likifuliwa. Mtoto aingize miguu yote miwili, alishike gunia kifuani kwa mikono miwili, aruke. Mwenye haraka huruka mbali, huanguka. Mwenye kuruka kidogo kidogo, miguu pamoja, hufika. Uzuri wa mbio hizi ni kwamba urefu wa miguu haufai kitu: mtoto wa darasa la pili aweza kumshinda kaka yake wa darasa la sita, na bibi zake barazani watapiga vigelegele. Uwanja uwe wa majani, usiwe wa changarawe, kwani kila mtu ataanguka.

Mbio za kijiko zajulikana. Wazungu huweka yai juu ya kijiko. Sisi tutaweka limau, maana yai ni chakula, na likivunjika mama atalia. Kijiko kishikwe kwa mkono mmoja, mwingine uwe nyuma ya mgongo. Limau likianguka, mtoto hurudi mahali lilipoangukia, huliokota, huendelea. Mchezo huu una faida nyingine. Toka Agosti 2018 hata Juni 2020, wakati wa ugonjwa wa Ebola katika Kivu ya Kaskazini na Ituri, watu waliagizwa wasishikane mikono. Mwenye kijiko na limau lake hamgusi mtu. Basi ukumbukeni mchezo huu, pamoja na ndoo ya maji na sabuni kando ya uwanja.

Mpira wa miguu sitaueleza. Hakuna mvulana wa Eringeti asiyeujua. Nitasema tu kwamba siku ya wageni haufai sana. Wanaojua hupeana wenyewe kwa wenyewe, na mgeni hukimbia bure saa nzima asiuguse. Upo mchezo mwingine wa mpira ulio bora. Watoto wa Kenya huuita kati, wa Tanzania rede, wa Uganda kwepena. Wawili husimama kwenye ncha mbili za uwanja, hatua kama 15 kati yao. Wengine wote husimama katikati. Wa ncha hurushiana mpira wakijaribu kuwapiga wa katikati, nao hukwepa: huinama, huruka, hujipinda. Aliyepigwa hutoka. Atakayebaki wa mwisho hurushiwa mara 10. Akizikwepa zote, kundi lake lote hufufuka na kuingia tena. Hapo mtoto mwembamba, mnyamavu, ambaye hakuna aliyemjua jina, huweza kubaki peke yake katikati, na uwanja mzima ukamhesabia kwa sauti: moja, mbili, tatu! Akimaliza, wataliuliza jina lake, msiwe na shaka.

Mpira wa mchezo huo uwe mwepesi. Kunjeni majani makavu ya mgomba, yakazeni sana, mfunge kwa nyuzi za mgomba huku na huku mpaka yawe mviringo. Neno lenyewe "mpira" kwanza ni utomvu wa mti, ule unaovutika. Utomvu huo uliwaletea wazee wa Kongo mateso mengi zamani za mfalme Leopold II, kati ya 1885 na 1908, walipolazimishwa kuutafuta msituni. Mpira wa migomba haukumtesa mtu, wala haumuumizi anayepigwa nao.

Wasichana wengine watapenda nzango, mchezo wa Kinshasa na Brazzaville. Wawili hukabiliana, hupiga makofi na kuimba, huruka, kisha kila mmoja hutoa mguu mmoja mbele. Mmoja hushinda miguu ikilingana, mwingine hushinda ikipishana, kama walivyopatana kabla. Wavulana waliucheka mchezo huu zamani. Lakini mwaka 2015, Brazzaville ilipoyapokea Michezo ya Afrika, nzango ulichezwa huko mbele ya watu wengi, na sasa una kanuni zake na waamuzi wake.

Limebaki neno la uwanja. Asubuhi ya sikukuu wakubwa wawili wautembee kwanza, waondoe chupa zilizovunjika, miiba na mawe. Na hapa kwetu kuna jambo zaidi. Mkiona kitu cha chuma msichokijua, kiwe majanini, kiwe kimefukiwa nusu, msikiguse, msikipige teke, msikirushie jiwe. Rudini kwa kukanyaga mlipokanyaga, mwiteni mwalimu au mzazi. Mpira ukienda kichakani, asiufuate mtoto peke yake. Tena anzeni mapema, saa tatu asubuhi, maana mvua hupenda kuja alasiri, na karibu na Ikweta jua huchwa upesi. Ikifika saa kumi na mbili jioni giza laingia. Wageni wa mbali waondoke mapema, ili wafike kwao kungali mchana.

Mchezo ukiisha, wagawieni wote maji, kisha hesabuni vitu. Vijiko virudi jikoni kwa mama. Maharage yarudi chunguni. Malimau yaoshwe, yakamuliwe kwenye chai. Magunia yakung'utwe vumbi, yakunjwe, arudishiwe mwenyewe jioni ile ile, kwa sababu Jumatatu atayahitaji kwa kakao.